Jinsi ya kupima transfoma ya "umeme wa bure" kabla hujatoa hela yako

Wakuu, kama una kibanda cha kuchaji simu Ukerewe, au una friza za samaki Kirumba, au umechoka tu na LUKU (umeme wa kulipia kabla), basi lazima umeshatumiwa ile video. Jamaa ana mduara wa feraiti (kiini cheusi cha sumaku) mezani kausukia waya wa shaba, kamita upande wa kuingia kanasoma wati 40, upande wa kutoka anazidisha volti kwa ampia anapata 120, taa zinawaka, watu wanashangilia, chini namba ya simu. Ndiyo hiyo wanaita ovayuniti, yaani kifaa kinachodaiwa kutoa umeme mwingi kuliko kinachokula. Mimi nasuka mota na kutengeneza stebilaiza hapa mjini Mwanza na watu wananiletea haya madude niwaambie ni kweli au changa la macho. Sitaki kubishana fizikia na mtu, nataka nikupe namna ya kupima ili ukikaa na mwenye kifaa uso kwa uso ujue umuombe nini na uangalie wapi.

Kwanza nikwambie kitu ambacho wengi hawakitegemei, hawa jamaa wengi sio matapeli. Wamepima kweli na mita imesoma kweli, ila mita imepewa kazi ambayo haiiwezi. Kwa hiyo ukienda pale na hasira za kumuumbua mtu utakosa kazi, nenda kwa upole, msalimie, muulize kapima wapi na kwa mita gani.

Halafu beba transfoma yako ya kawaida. Hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote na haina gharama, chomoa hata kwenye stebilaiza mbovu au redio ya zamani, iwe na ukubwa unaokaribiana na ya kwake. Kabla hamjagusa kifaa chake mwambie, kaka, naomba tupime hii yangu kwa mita zako hizohizo, waya hizohizo, mzigo huohuo, kila kitu kama unavyopima ya kwako. Transfoma ndogo za aina hii ufanisi wake unacheza kwenye asilimia 80 na kitu hadi 90, zile kubwa za kwenye vituo vya umeme ndizo zinapita 99. Sasa kama ile yako ya redio nayo ikitoa asilimia 250 kwenye meza yake, maneno yameisha, kosa lipo kwenye upimaji. Kama itasoma 84 na ya kwake 250, basi kuna kitu cha kufuatilia, endelea kusoma.

Kosa linaloua madai mengi ni hili la kuzidisha volti kwa ampia. Kwenye DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, ni sawa kabisa. Kwenye AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa gridi, ni sawa tu kama mzigo ni wa kutoa joto, yaani hita, balbu ya nyuzi, rezista. Ukiweka koili (waya uliosukwa) au kapasita (kifaa cha kutunza chaji), mkondo unaachana na volti, moja inatangulia nyingine inafuata, na sehemu kubwa ya umeme inaenda na kurudi bila kufanya kazi yoyote. Mtumbwi uliofungwa pale Mwaloni unapanda na kushuka na mawimbi siku nzima lakini haujafika Nansio kule Ukerewe. Ukizidisha volti kwa ampia unapata VA (volti-ampia), sio wati, na ili upate wati lazima uzidishe tena na pawa fakta, yaani sehemu ya VA inayofanya kazi kweli. Chukua mfano, upande wa kuingia mita ya wati inasema 46, upande wa kutoka jamaa kaweka kapasita sambamba na koili, volti 115, ampia 1.2, anapata 138, anakwambia asilimia 300 hiyo. Lakini 46 ni wati na 138 ni VA, na hapo umegawa vitu viwili tofauti. Ndiyo maana hizi saketi za rezonansi (koili na kapasita zinazopokezana umeme kwa mdundo mmoja) zinapendwa sana na watu wa umeme wa bure, kwa sababu ndani ya koili na kapasita mkondo unazunguka mkubwa balaa huku unaoingia ni kidogo tu wa kufidia hasara. Mkondo upo kweli, na unaweza kukuua kweli, ila ukijaribu kuuchota kwa hita rezonansi inazimika na wati zinarudi zilikotoka.

Kwa hiyo sharti la kwanza: mzigo uwe wa joto tupu. Sio feni, sio taa za LED, sio chaja ya simu. Taa za LED hasa zinadanganya sana, zinawaka kwa mkondo mdogo mno na jicho letu halijui kupima mwanga, taa inayokula nusu ya umeme bado unaiona inawaka vizuri tu. Na pasi pia achana nayo, ina thamostati, itajizima katikati ya kipimo na utahangaika kutafuta umeme umeenda wapi. Mimi napenda ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ile iliyoandikwa 1000W 230V ina omu kama 53 na haibadiliki sana ikipata joto, ukiipa volti 75 inakula wati kama 106, kwa hiyo kwa transfoma ndogo inafaa. Ila tu usiiwashe ikiwa nje ya maji.

Sasa mita. Ya klampu iweke kwenye waya mmoja, sio kebo nzima. Nimeona mtu mzima kabisa kazungusha klampu kwenye kebo yenye laini na nyutro pamoja, inasoma sifuri pointi sifuri kitu, anasema kifaa hakili umeme. Waya hizo mbili zinafutana, lazima isome karibu na sifuri. Na kama kifaa kina waya wa tatu unaoenda kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini, hapo fungua macho zaidi, pima laini peke yake, nyutro peke yake na huo wa arthi peke yake, maana mkondo unaweza kuingia kwa laini ukatokea ardhini na wewe umepima nyutro tu ukaona pako kimya. Huo sio umeme wa bure, ni umeme wa TANESCO, shirika la umeme, unaopita njia ya panya, tena ni hatari kwa yeyote anayegusa hiyo nondo, na ukikamatwa ni kesi.

Mita za bei rahisi zinapima wastani wa mkondo halafu zinazidisha na 1.11 zikidhani wimbi ni laini kama la gridi. Wimbi likiwa la kuchongoka, yaani mkondo unakuja kwa vipande vipande, mita hiyo inaweza kusoma chini hata kwa asilimia 40. Ukiwa nayo upande wa kuingia tayari umeshatengeneza ovayuniti bila kusuka waya hata mmoja. Tafuta iliyoandikwa TRUE RMS, yaani inayopima thamani halisi hata wimbi likiwa la kuchongoka. Ila hata hiyo ina mpaka, soma kitabu chake, nyingi upande wa AC zinaaminika hadi mia kadhaa za hezi (mizunguko kwa sekunde) au elfu moja, na hivi vifaa vya feraiti vinaendeshwa kwa makumi ya maelfu ya hezi. Hapo mita inasoma chochote inachojisikia. Osiloskopu (mashine ya kuchora mawimbi ya umeme) nayo sio mwarobaini, mtu akikuonyesha mawimbi mazuri kwenye skrini muulize habari ya fezi, yaani mawimbi ya volti na ampia yamepishana kwa nyuzi ngapi za mzunguko, kwa sababu kama volti na ampia zimepishana nyuzi 87, pawa fakta ni 0.052, zikipishana 88 ni 0.035, yaani kosa la nyuzi moja tu kwenye kupima limekubadilishia wati kwa theluthi nzima. Waya mrefu kidogo au klampu ya bei rahisi inatosha kuleta kosa la nyuzi moja.

Njia ya kukwepa balaa lote hili ni kugeuza pande zote mbili ziwe DC iliyotulia. Upande wa kutoka weka daraja la diodi (diodi nne za kugeuza AC kuwa DC), kapasita kubwa, halafu hita au rezista. Diodi ziwe za haraka, UF4007 kwa mkondo mdogo, sio 1N4007 ile ya kawaida, hiyo kwenye masafa ya juu (hezi nyingi) inachelewa kufunga na inapata moto. Pima volti za DC na ampia za DC, zidisha, hizo ni wati halali. Mwenye kifaa atalalamika kwamba diodi zinakula umeme wake, sawa, mpe haki yake, ongeza volti 2 kwenye hesabu kwa ajili ya diodi mbili, hata ukimuongezea haitageuza 80 kuwa 200. Upande wa kuingia, kama kinatumia betri, weka koili ya kuchuja na kapasita kubwa kati ya betri na kifaa ili betri itoe mkondo uliotulia, halafu weka mita upande wa betri. Kwenye gridi, hizi mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi zinazoonyesha wati zinafaa, alimradi uliijaribu kwanza na hita unayoijua.

Nigusie betri kidogo, maana huku visiwani maonyesho mengi yanafanywa na betri. Betri ya asidi ya volti 12 ukiipumzisha baada ya kuitumia volti zinapanda zenyewe, mtu anasema ona, imejichaji. Haijajichaji, volti za betri sio kipimo cha ujazo wake. Na betri ndogo ya 12V 7Ah ina wati-saa 84, kwa makaratasi inawasha taa ya wati 3 kwa saa 28, hata ukipunguza kwa ubovu bado utaondoka jioni taa inawaka na kesho asubuhi utaikuta inawaka. Kuna mteja wangu anayefanya biashara ya dagaa, alitaka kununua kifaa cha kuwashia taa za kuvulia usiku, alionyeshwa taa imewaka usiku kucha na akaamini kabisa. Nilimwambia, mzee, hebu nyanyua hilo boksi kwanza, kwa nini ni zito hivyo?

Uzito ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Betri nzuri za lithiamu zinabeba kama wati-saa 150 hadi 250 kwa kilo, za asidi 30 hadi 40. Kwa hiyo ning'iniza boksi kwenye mzani wa samaki, kama ni kilo 2, chukulia kwa ubaya kabisa kwamba zote ni lithiamu, wati-saa 500. Mzigo wa wati 5 unaweza kuendeshwa na betri iliyofichwa kwa saa 100. Kwa hiyo usikubali onyesho la wati 5 la siku mbili, halina maana yoyote. Omba mzigo mkubwa, wati 500, betri ya namna hiyo itaisha ndani ya saa moja, sasa kiendeshe mara kumi ya hapo ukiwa umekaa pembeni na hakuna waya unaoingia. Mara nyingi ukishataja hesabu hii utaambiwa kifaa kikubwa kiko njiani kutoka nje.

Kwa wale wa gridi kuna kipimo cha bure ukutani kwako. Mita ya LUKU ina kataa kekundu kanakopepesa, na kwenye uso wake pameandikwa namba ya mapigo kwa uniti, mfano 1000 imp/kWh. Kama ni 1000, kila pepesa moja ni kilojuli 3.6 (kilojuli moja ni wati 1000 kwa sekunde moja), kwa hiyo gawanya 3600 kwa sekunde kati ya pepesa na pepesa unapata wati. Sekunde 36 ni wati 100. Zima kila kitu ndani, friji, ruta, chaja zilizosahaulika, subiri uone taa imetulia, kisha washa kifaa na uhesabu pepesa kadhaa upate wastani. Uzuri wake mita hii inahesabu wati halisi, haijali VA, kwa hiyo ule ujanja wa pawa fakta hauiathiri. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kiboksi cha kuingizia tokeni tu, kafanyie kwa jirani. By the way, transfoma ya kisasa ilitengenezwa Budapest mwaka 1885 na Zipernowsky, Déri na Bláthy, na huyohuyo Bláthy mwaka 1889 akachukua hataza (patenti) ya mita ya kuhesabu uniti za AC. Mtu aliyeijua transfoma vizuri kuliko wengi alijua pia kwamba lazima ipimwe.

Ukitaka jibu ambalo hakuna mtu atabishana nalo, pima maji. Joto halina fezi, halina masafa, halina RMS. Lita moja ya maji kupanda nyuzi moja inataka kilojuli 4.19. Chukua deli la kubebea samaki, lile lenye kuta nene, weka lita 5, tumbukiza hita iliyounganishwa kwenye kifaa, kipimajoto ndani, koroga kwa kijiti kikavu. Kabla ya kukoroga au kusoma zima umeme, na usitie mkono kuonja joto, transfoma nyingine sekondari yake (koili ya upande wa kutoka) inatoa volti ambazo hazikupi nafasi ya kujuta, za maikrowevu ndio kabisa, zinapita volti 2000.

Ujanja wa kupunguza makosa ni huu: anza maji yakiwa baridi kuliko hewa na umalizie yakiwa moto kuliko hewa kwa kiasi kilekile. Kama chumba kina nyuzi 27, changanya na maji ya friji uanze na 17, uzime yakifika 37. Joto lililoingia kutoka nje mwanzoni na lililotoka mwishoni zitakaribiana kufutana. Lita 5 mara nyuzi 20 mara 4.19 ni kilojuli 419. Kwa wati 100 halali hiyo inachukua dakika 70. Sasa fanya mara mbili, kwanza hita na transfoma yako ya kawaida, halafu hita na kifaa chake, na mara zote hesabu umeme ulioingia kwa LUKU au mita ya soketi. Kama kifaa kina asilimia 250 kweli, ukikilisha wati 100 maji yatafika 37 ndani ya dakika 28. Tofauti ya namna hiyo huhitaji maabara kuiona. Lakini ukipata 102 usianze kushangilia, mita yako ina kosa la asilimia 2 au 3 na kipimajoto kina lake.

Halafu tafadhali usipime kwa kuchemsha. Watu wanapenda kusema "imechemsha lita 5" kisha wanaweka 100 kwenye hesabu. Ziwa letu liko mita 1134 juu ya usawa wa bahari, maji hapa Mwanza yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Ukianzia 25 ukaandika 100 umejizawadia asilimia 5 na ushee za bure, bado mvuke uliopotea, na bado kubishana kama ule ulikuwa mchemko au povu tu.

Atakutolea na karatasi za hataza. Hataza sio cheti cha kufanya kazi. Mwaka 2002 Marekani walitoa hataza ya "jenereta ya sumaku isiyo na kitu kinachozunguka", ambayo ukiangalia ni transfoma yenye sumaku ya kudumu katikati, na mpaka leo hakuna gridi inayoendeshwa nayo. Upande mwingine kuna Joseph Newman, yeye alinyimwa hataza akaenda mahakamani, mashine yake ikapelekwa kwenye ofisi ya vipimo ya taifa ya Marekani, wakaipima mwaka 1986, na katika hali zote walizoipima umeme uliotoka ulikuwa chini ya ulioingia. Na walichofanya sio kitu kigeni kwako sasa, walipima kinachoingia, wakapima kinachotoka, kwa mita zinazoweza kazi hiyo.

Kipimo cha mwisho ni cha kufunga duara. Kama kinatoa mara mbili ya kinachokula, chukua nusu ya kinachotoka, kigeuze kiwe sawa na kinachohitajika kuingia, kirudishe mlangoni, kisha chomoa gridi au betri. Kikijiendesha na hita imebaki inawaka kwa muda unaozidi ile hesabu ya uzito, hapo hata mimi nitakuja kukaa foleni. Utaambiwa masafa hayalingani, volti hazilingani, itaharibu sumaku. Inveta za kubadilisha zipo madukani na ufanisi wake unafika asilimia 85 na zaidi, kwa mtu mwenye 250 hiyo hasara haipaswi kumsumbua hata kidogo.

Jambo la utaratibu, mambo haya yaandikeni kabla ya kuwasha. Karatasi moja: mzigo gani, mita ya nani, muda gani, transfoma ya kawaida ipimwe kwanza, na namba ngapi itahesabika kuwa imeshindwa. Kila mmoja asaini na hela ikae mfukoni kwako mpaka mwisho. Pimieni sehemu ya kwako au ya mtu wa kati, sio mezani kwake, na soketi aichague mtu mwingine. Weka fiusi upande wa kuingia, kapasita zitoe chaji kwa rezista kabla ya kugusa, na pawe na mtu wa pili karibu na breka. Mwenye kifaa akikubali yote hayo, mpe heshima yake na mpime kwa haki. Akianza kubadilisha mzigo katikati, eti hita haipendi lakini taa za LED inazipenda, rudi kwenye karatasi mliyosaini umwonyeshe ule mstari wa mzigo.